Paka wa Fundi Deo na Kopo la Hamira

Siku ya kuniaga waliniomba niseme machache. Nikasema asanteni, nikakaa. Wakapiga makofi kwa furaha kubwa, maana wali ulikuwa umeshaanza kupoa. Lakini ninyi vijana mliobaki pale idarani hamkuacha kuniuliza kazi hii niliifanyaje mpaka nywele zikawa nyeupe, na sasa nina nafasi ya kutosha na kiti kizuri hapa barazani. Kwa hiyo nitaandika. Vyeo nitaviruka, kwa sababu vilikuja vimechoka kama basi la Kirando wakati wa masika.

Siku yangu ya kwanza kazini mjini Sumbawanga nilikuta kibao kipya mlangoni: OFISI YA LISHE. Nilikuwa sijamaliza kufuta vumbi mezani mzee mmoja akaingia, akavua kofia, akaketi, akaagiza wali maharage. Nikamweleza kwamba mimi ni afisa lishe, si mama lishe. Akaniuliza tofauti yake. Nikasema mama lishe anapika, mimi nawaambia watu wapike nini. Alinitazama kwa huruma, akavaa kofia yake, akasema basi ngoja amtafute mwenye sufuria. Wapo wengine waliofuata, na mmoja alikasirika kweli. Kibao kile hakikubadilishwa mpaka nastaafu.

Aliyenifundisha kazi ni Bibi Genoveva, muuguzi wa zamani aliyekuwa anakaribia kustaafu nilipoanza. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuamuru, na hakuamini kitu chochote alichoambiwa na mtu aliyeshiba. Yeye ndiye aliyenionyesha mizani ya kuning'iniza watoto, ile yenye kaptura ya kitambaa. Mtoto wa kwanza niliyemning'iniza alinikojolea kiatuni. Bibi Genoveva hakucheka. Alisema tu niandike uzito wa baada, kwa kuwa wa kabla haukuwa wa mtoto peke yake. Utepe wa kupimia mkono nao alinifundisha kuushika bila kuukaza, maana mwanafunzi mwenye haraka anaweza kumkondesha mtoto mnene kwa vidole vyake.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la jikoni.

"Ukiingia nyumbani kwa mtu," alisema, "usimwulize anakula nini. Atakutajia anachokula jirani. Omba maji ya kunawa, kisha nenda jikoni ukayachukue mwenyewe. Huko utachungulia."

Kwetu hapa mwanamke mgeni akiingia jikoni kusaidia hakuna anayeshangaa, kwa hiyo njia hiyo ilinifaa miaka yote. Nimenawa mikono katika nyumba nyingi za uwanda huu. Nimeona sufuria ya mtu aliyeniambia anakula matunda kila siku, na nimeona mayai yamefichwa chini ya kapu la ulezi yakisubiri mnada wakati watoto wanakula ugali na chumvi. Ukishaona sufuria, maneno yanapungua. Mnaongea juu ya kilichomo.

Nawaambia pia kwamba chakula chetu si kibaya, msidanganyike na semina. Ugali wa ulezi, maharage, mlenda, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, dagaa wanaopanda kutoka Kirando na Kipili kule ziwani, na uyoga mvua zikianza. Mtu akila hivyo vyote kwa kupokezana hahitaji kuniona. Shida ni kwamba kila msimu una muujiza wake. Kulikuwa na msimu wa mlonge, ukafuata wa mbegu za maboga, kisha ukaja wa juisi nyekundu iliyosemekana kuongeza damu kwa sababu ilikuwa nyekundu. Kila muujiza ulipofika watu walikuja kuniuliza, nami niliwajibu vilevile kila mara: ni chakula kizuri, kileni pamoja na maharage. Hawakupenda jibu hilo. Walitaka kuambiwa waache maharage.

Hamira lishe ilifika kwetu kwa njia hiyohiyo. Kulikuwa na mgeni mmoja wa kujitolea, msichana mpole kutoka Ulaya, ambaye hakula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Alipoondoka alituachia makopo mawili ya vipande vyembamba vya rangi ya manjano, vyepesi kama pumba. Moja lilikuwa limeshafunguliwa, la pili bado limezibwa. Mhudumu wetu aliposikia ni hamira alichota kidogo akaumulia maandazi. Hayakuumuka. Tuliyala kwa heshima yake, na mmoja wetu akaenda kumwona daktari wa meno.

Sikilizeni, kwa sababu hii mtaulizwa. Hamira hiyo ni ileile ya mkate, na ni ndugu wa chachu inayochachusha kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Tofauti ni kwamba imekuzwa kiwandani kwa molasi, ikauawa kwa joto, ikakaushwa. Ni maiti. Haiumui maandazi na hailewishi mtu. Ina protini nzuri na vitamini nyingi za kundi B, nayo ina ladha nzito inayokoleza mboga. Vitamini B12 haimo kwa asili yake. Viwanda vingine huiongeza, vingine haviongezi, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kwa hiyo geuzeni kopo msome nyuma. Mbele huandikwa na muuzaji. Machicha ya kimpumu nayo hayana B12, hata kama wapishi wake watawaapia, na mtoto hapewi machicha, tafadhali.

Makopo yale yalikaa juu ya kabati langu, nami sikuwa na kazi nayo mpaka nilipopeleka kitambaa cha gauni kwa fundi Deo.

Jina lake ni Deogratias, lakini mji mzima ulimwita fundi Deo. Alishonea kwenye kibaraza cha duka kule Katandala, kwa cherehani ya miguu. Mshono wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba watu walisema mwashi akipoteza timazi aazime suruali ya fundi Deo. Mimi nilimpelekea nguo zangu tangu nilipohamia mjini. Safari hiyo gauni lilirudi na mshono wa ubavuni ukitangatanga kama njia ya mbuzi. Nikalirudisha.

"Shikamoo fundi. Hii vipi?"

"Marahaba, mama. Cherehani imezeeka hiyo. Acha nifumue."

Akaanza kufumua, kisha akashona, nami nikasimama namtazama. Kandambili ya mguu wa kulia ilikuwa imemvuka, imelala kando kwenye vumbi, na yeye anaendelea kukanyaga pedeli pekupeku bila habari.

"Fundi, kandambili yako."

Akainama kutazama. Ilibidi atazame ndipo ajue. Nikamwomba atoe ulimi, katikati ya wateja wake, naye akautoa kwa aibu. Ulikuwa mwekundu na laini kupita kawaida. Nikamuuliza miguu inajisikiaje.

"Imelala tu. Kama nimevaa soksi, na sina soksi."

Nikamuuliza anakula nini, kisha nikakumbuka mafunzo nikamuuliza kama naweza kwenda nyumbani kwake kunawa mikono.

Nyumbani nilimkuta mkewe, Mama Odilia, mwanamke mtulivu. Jikoni kulikuwa na majani ya maboga, maharage, karanga na unga wa ulezi. Chakula kizuri. Ila hapakuwa na tone la maziwa wala ganda la yai. Mama Odilia akanieleza sababu. Odilia, mtoto wao wa pekee, alipokuwa mdogo alishikwa na malaria ya kichwa, na wauguzi wakaacha kumtazama baba yake usoni. Fundi Deo akaweka nadhiri palepale kando ya kitanda: mtoto akipona, hatakula tena kitu chochote chenye mama. Mtoto akapona. Sasa alikuwa mwalimu kule Kirando, na baba yake hakuwa ameonja nyama, samaki, yai wala maziwa tangu siku ile.

Baadaye nilimuuliza mwenyewe kwa nini aliiweka hivyo. Akasema, "Nilimtazama mama yake pale sakafuni alivyokaa. Nikaona mimi siwezi tena kula mtoto wa mtu." Kuhusu asali tulikubaliana tusiulizane.

Hapa mjifunze kitu. B12 hupatikana kwa asili katika vyakula vya wanyama, na ini huitunza kama bibi anavyotunza kanga za sanduku, miaka kwa miaka. Ndiyo maana nadhiri haikumdhuru mapema. Akiba ilikuwa inapungua kimyakimya, na ilipokwisha mishipa ya fahamu ikaanza kufa kuanzia chini. Daktari alimpima damu akathibitisha, akaanza kumdunga sindano za vitamini hiyo. Akatuambia wazi kwamba tukichelewa miguu haitarudi, na fundi cherehani asiye na miguu ni mtu anayetazama cherehani.

Sindano alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba haitokani na mnyama. "Lakini sindano ni dawa, mama," aliniambia. "Mimi si mgonjwa, mimi nina nadhiri. Nataka kitu cha kula." Tukampa vidonge vya ganda. Akamuuliza muuza dawa ganda limetengenezwa na nini, na muuza dawa, kijana mkweli wa bahati mbaya, akamwambia ni mifupa ya ng'ombe. Tangu hapo alikataa vidonge vyote, vyenye ganda na visivyo na ganda, kwa kuwa vilikaa duka moja. Padre wake naye alijaribu. Alimwita akamwambia kanisa lina uwezo wa kuibadili nadhiri, kwamba badala yake anaweza kusali rozari au kusaidia maskini.

"Padre," fundi Deo alijibu, "mtoto si alipona? Mungu hajawahi kuja kuniambia turudishiane."

Padre akambariki, akamwacha aende.

Siku chache baadaye Mama Odilia alikuja ofisini. Hakuagiza wali. Alikaa akakunja ncha ya kitenge chake mara nyingi kabla ya kusema.

"Nikisaga dagaa wakawa unga laini, nikautia kwenye mboga ya karanga, hatajua. Si miguu yake itapona?"

Dagaa wangemponya. Ni chakula ambacho nimekihubiri maisha yangu yote, na kilikuwa kinauzwa hatua chache kutoka mlangoni kwake.

"Itapona," nikasema. "Nawe utakuwa unakaa naye kula kila siku huku unajua. Utaweza?"

Akafikiri. "Nimeweza mengi kwa huyu mzee," akasema. "Hilo, hapana."

Ndipo nikanyanyua macho nikaona makopo juu ya kabati. Nikalishusha lile lililofunguliwa, nikaligeuza nikasoma nyuma. B12 ilikuwa imeongezwa, na muda wake wa kuharibika ulikuwa bado. Nikapanga nao siku ya kwenda kwao wakati wa chakula cha mchana.

Fundi Deo alilipokea kopo kwa mikono miwili akalichunguza kama kitambaa asichokiamini.

"Hiki kina mama?"

"Hakina, fundi. Ni hamira. Inachipuka yenyewe ubavuni, inajigawa."

Chuoni tulifundishwa kwamba ile inayochipua huitwa seli mama. Sikuona haja ya kuyaleta ya chuoni mezani kwa watu.

Nikamwelekeza Mama Odilia. Hainyunyizwi chakula kikiwa motoni, ni baada ya kuipua, ili moto usiharibu vitamini. Mtu anaanza na kijiko kidogo, kwa sababu tumbo lisiloizoea hujaa gesi, kisha anaongeza taratibu hadi kijiko cha chakula au zaidi. Mwenye ugonjwa wa jongo, yaani gauti, amuulize daktari kwanza. Wala haichukui nafasi ya maharage. Akanyunyiza juu ya majani ya maboga, akatenga pamoja na ugali wa ulezi. Fundi Deo akafanya ishara ya msalaba, akamega tonge, akachovya, akala.

Alitafuna mara mbili akaacha. Akamtazama mkewe. Nimeona watu wengi wakionja vyakula vipya, lakini sijawahi kuona uso ule. Akatema tonge kiganjani.

"Mama Odilia. Umenitilia dagaa."

"Sijatia dagaa, baba Odilia. Haki ya Mungu."

"Mimi ladha hii naijua. Sijaisahau hata siku moja."

Nikaeleza kwamba ndivyo hamira hiyo ilivyo, ina utamu mzito unaofanana na wa nyama na samaki. Hakubishana. Akaangaza chini ya meza akamwita Shemasi. Shemasi alikuwa paka wao, mweusi mwenye shingo nyeupe, aliyefugwa kwa ajili ya panya wa ghalani. Meza ya nyumba ile hakuwa ameijali kwa miaka, kwa kuwa haikuwa na lolote la kumhusu. Fundi Deo akachota hamira kutoka kwenye kopo akaimwaga sakafuni. Paka akaja, akanusa, akalamba. Akalamba yote, kisha akalamba sakafu, kisha akanitazama mimi kama mwenye duka.

"Paka hana sababu ya kusema uongo," fundi Deo alisema, akaondoka.

Nilikuja kusoma kwamba paka wengi huipenda sana hamira hiyo, hata huwekewa kwenye vyakula vyao. Elimu hiyo ilinifikia wakati haina kazi.

Hakugombana na mkewe. Ingekuwa afadhali. Alikuwa anarudi nyumbani, anasalimia, analala, na asubuhi anaondoka. Kula alikula kibarazani kwake, viazi vitamu vya kuchoma na chai ya rangi alivyonunua mwenyewe na kuvimenya mwenyewe. Mbaya zaidi, aliacha sindano. "Kama wameweza kutia dagaa kwenye kopo lililotoka Ulaya," alimwambia daktari, "watashindwaje kutia kwenye kichupa?" Wiki zikapita. Akaanguka kwenye ngazi za kanisa akitoka komunyo, mguu haukujua ngazi imeishia wapi. Wateja wakaanza kupeleka sare za watoto wao kwa fundi mwingine.

Nilikwenda kumwona Mama Odilia. Nilimkuta anapepeta ulezi, na aliendelea kupepeta huku machozi yanamtoka.

"Lile wazo nililileta kwako nikaliacha palepale ofisini," akasema. "Mtu ambaye hakuiba ndiye ameitwa mwizi. Na mguu unakufa. Ningewatia tu hao dagaa, si ingekuwa vilevile?"

Niliumia, nasema ukweli, niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa mgonjwa yeyote, kwa kuwa mimi ndiye niliyemzuia. Nikaomba maji ya kunawa. Nikaenda jikoni kuyachukua, na kwa mazoea macho yakapanda mpaka kwenye uchaga juu ya mafiga. Nyuma ya masuke ya ulezi kulikuwa na kifurushi cha khaki. Harufu yake haihitaji kufunguliwa. Walikuwa dagaa wa Kirando.

Nikanawa, nikarudi, nikaketi. Nilimtazama tu yule mama nikajiuliza kama nimemwelewa hata kidogo.

Odilia alipopata habari aliomba ruhusa shuleni kwake akapanda basi. Alifika na vumbi la njia nzima, akamfuata baba yake kibarazani, akamshika mkono akamrudisha nyumbani mbele ya wateja. Alinitumia ujumbe nije na lile kopo la pili ambalo halijafunguliwa. Nilipofika walikuwa wamekaa watatu, chakula kimetengwa, na Shemasi mlangoni.

"Baba," Odilia akasema, "nadhiri yako ilikuwa juu yangu. Kwa hiyo na mimi nina haki ya kuuliza. Fungua kopo mwenyewe."

Fundi Deo akavaa miwani yake ya kushonea, akakagua kizibo pande zote, akafungua. Akamwaga kidogo sakafuni. Shemasi akaja mbio, bila hata kuitwa, akaanza kulamba.

"Si mnaona?" fundi Deo akasema. Hakusema kwa ushindi. Alionekana amechoka.

Mama Odilia akainuka. Akaenda jikoni, na tukasikia masuke yakisogezwa. Akarudi na kifurushi cha khaki, akakifungua mbele ya mumewe, akachukua dagaa wachache akawaweka sakafuni, hatua moja kutoka kwenye hamira. Shemasi akainua kichwa. Akaiacha hamira kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake wa kazi, akavuka, akamshika dagaa kwa kichwa akaenda naye pembeni.

"Hao ndio dagaa," Mama Odilia akasema. "Paka wako anajua tofauti. Ningetaka kukudanganya ningekutilia hawa. Wamekaa humu ndani miaka, baba Odilia, na hawajawahi kugusa sufuria yako."

Odilia akakitambua kifurushi. "Mama, si wale ninaokutumia? Nilidhani unawagawia majirani."

"Nakwenda kuwakaanga kwa jirani siku ya sala za jumuiya. Nakula hukohuko. Sikutaka anuse humu ndani akatamani."

Sote tukamtazama fundi Deo. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kila siku ya jumuiya unarudi unanuka Kirando. Tangu zamani. Ndiyo maana nilipoonja ile mboga nikajua dagaa wametoka wapi. Nikasema leo uvumilivu umemshinda."

"Umejua miaka yote hiyo! Mbona hukusema?"

Fundi Deo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Ningesema, ungeacha kula."

Mama Odilia akakaa chini, palepale sakafuni karibu na paka, akajifunika uso kwa kitenge. Odilia akatoka nje. Mimi nikaona huu ni wakati mzuri wa kusoma tena maandishi ya nyuma ya kopo, ambayo nilikuwa nimeshayasoma.

Baada ya muda fundi Deo akavuta bakuli la mboga karibu yake, akanyunyiza hamira, akaanza kula. Alikula polepole, akifumba macho. Alipofika katikati akamsukumia mkewe kifurushi kwa mguu, mguu ambao ilibidi autazame ili ujue pa kwenda.

"Wakaange," akasema. "Humu ndani. Nadhiri niliweka mimi, hukuiweka wewe."

Alirudi kwenye sindano wiki hiyohiyo, na hamira ikawa chakula chake. Sitaki mseme hamira ilimponya, maana nawajua. Sindano ndizo zilizomwinua, na hamira ikawa mlinzi wa asirudi alikotoka, na daktari aliendelea kumpima damu kuhakikisha mlinzi halali. Mguu wa kushoto ulirudi wote. Vidole vya mguu wa kulia havikurudi na havitarudi. Tulikuwa tumechelewa kwa zile wiki za viazi vya kuchoma. Makopo sasa Odilia anayaagiza Dar es Salaam, yanakuja kwa basi, na baba yake hulisoma kila kopo nyuma kabla hajalifungua. Kuna mara moja lilikuja lisilo na B12. Akalirudisha. Siku hizi vijana wa bodaboda pale kijiweni nao wananiuliza kama hiyo hamira inajenga misuli. Nawaambia ni chakula kizuri, kileni pamoja na maharage.

Cherehani aliihamishia nyumbani, kwenye baraza, ili asitembee mbali. Nilipokaribia kustaafu nilimpelekea kitambaa cha gauni la kuagwa, lile mliloliona. Mshono wa ubavuni umenyooka kuanzia kwapani hadi gotini, mngeweza kupimia ukuta. Chini ya goti unakwenda kulia kidogo, kisha unajirudi. Nilipouona nilishtuka. Nikamuuliza taratibu kama miguu imeanza tena.

Kutoka jikoni nilisikia dagaa wakichachatika kwenye mafuta, na Shemasi alikuwa ameshakaa mlangoni. Fundi Deo akavuta hewa, akaitunza kifuani kabla ya kuitoa.

"Si mguu, mama," akasema. "Ni pua."